Mapendo, 24 Novemba 2019: Hatari Ilikuwa ya Nani?



Kila aliyemaliza masomo hapa Goma na kuanza kuzunguka na CV yake kwenye ma-ONG analijua lile jedwali la hatari. Ni karatasi moja yenye mistari na rangi tatu: kijani, njano, nyekundu. Unaandika hatari, unapima uwezekano wake, unapima madhara yake, unaandika utafanya nini. Kwenye safu ya mwisho unaandika jina la mwenye hatari, yaani mtu au ofisi yenye mamlaka ya kuishughulikia na wajibu wa kujieleza.

Nililijaza mara ya kwanza kwenye mafunzo ya siku tatu. Kundi letu liliandika mvua, wizi, kuchelewa kwa pesa za mradi. Kwenye safu ya mwisho tuliandika "wote". Mwalimu akatucheka. Akasema: "Mukiandika wote, mumeandika hakuna mutu."

Jioni nikarudi nyumbani, Mapendo, na ile karatasi mkononi. Jirani yangu, mama mmoja anayeuzaka makala, akaniuliza nimesoma nini. Nikamueleza. Akaiangalia karatasi kidogo, kisha akaonyesha juu kwa kidole, kule ndege zinakopitaka, akasema: "Na ile, nani mwenyewe?"

Sikuwa na jibu. Insha hii ni jaribio la kumjibu, na inabidi nianze na siku ambayo yeye na mimi hatuwezi kuisahau.

Ilikuwa Jumapili, tarehe 24 Novemba 2019, asubuhi, watu wakiwa njiani kwenda kanisani. Ndege ndogo aina ya Dornier 228 ya kampuni ya Busy Bee iliruka kutoka kiwanja cha Goma kwenda Beni. Dakika chache tu baada ya kuruka ikaanguka juu ya nyumba za Mapendo, jirani na Birere. Walioko ndani walikufa, na kwenye nyumba pia walikufa watu. Jumla iliyotangazwa ilikuwa zaidi ya 25. Vijana wa mtaa ndio waliofika wa kwanza, na ndoo, na mchanga, na mikono mitupu.

Wengi wa rika letu wanaikumbuka siku ile peke yake. Lakini wazee wa Birere walipoona moshi walisema neno moja: "Tena."

Tena, kwa sababu tarehe 15 Aprili 2008, Jumanne mchana, DC-9 ya kampuni ya Hewa Bora ilishindwa kuruka ikiwa tayari kwenye mwendo. Ikamaliza pisti, ikavunja ukuta, ikaingia katika maduka na nyumba za Birere. Walikufa karibu watu 40. Jambo la kushangaza, na ndilo ninaloomba mlikumbuke mpaka mwisho wa insha hii, ni kwamba wengi wa waliokufa hawakuwa abiria. Walikuwa watu wa chini: wauzaji, wanunuzi, watoto. Hakuna aliyekuwa amenunua tikiti.

Na kati ya 2008 na 2019 kuna mengine. Tarehe 19 Novemba 2009 ndege kubwa aina ya MD-82 ilitua Goma, ikapita mwisho wa pisti, ikasimama kwenye mawe ya lava. Ile siku Mungu alisaidia, hakuna aliyekufa. Tarehe 4 Machi 2013 Fokker 50 ikaanguka mjini ikijaribu kutua katika hali mbaya ya hewa, na watu 6 wakafa.

Hata Goma si ya kwanza katika nchi yetu. Tarehe 8 Januari 1996, mjini Kinshasa, Antonov 32 ilishindwa kuruka kwenye kiwanja cha N'Dolo, ikapita mwisho wa pisti na kuingia soko la Simbazikita. Walikufa zaidi ya watu 200, karibu wote wakiwa sokoni. Pisti inaisha, soko linaanza. Miaka 12 baadaye, Birere ikaona picha ileile.

Hiyo ndiyo kalenda yetu ya kwanza, kalenda ya misiba. Sasa niwaonyeshe kalenda ya pili, ya karatasi. Zilitembea pamoja miaka yote hiyo.

Mwezi Desemba 1944, vita vya dunia vikiwa havijaisha, nchi 52 zilitia sahihi mkataba wa usafiri wa anga mjini Chicago, Marekani. Kutoka mkataba ule likazaliwa shirika ambalo sisi huku tunaliita OACI na jirani zetu wa Uganda wanaliita ICAO. Wazo lake lilikuwa rahisi: ndege haina mpaka, basi na sheria za usalama zisiishie mpakani. Mkataba ukawekewa viambatisho, kimoja cha leseni za marubani, kimoja cha viwanja, kimoja cha uchunguzi wa ajali. Kongo ikaingia baada ya uhuru.

Kwa miaka mingi viambatisho hivi vilikuwa orodha za "fanya hivi, usifanye vile". Mkaguzi anakuja na karatasi, anatia alama, anaenda. Shida ya orodha ni kwamba unaweza kutimiza kila mstari na bado ukaua watu, kwa sababu orodha haikuulizi: hapa petu, na mlima huu, na pisti hii, na soko lile, nini kinaweza kutokea?

Swali hilo lilipata kitabu chake upande mwingine wa dunia. Mwaka 1995 Australia na New Zealand zilitoa kiwango kimoja cha pamoja cha kusimamia hatari, namba yake 4360. Hakikuandikwa kwa ajili ya ndege peke yake. Benki, hospitali, mgodi, serikali, wote waliweza kutumia hatua zilezile: elewa mazingira yako, tambua hatari, ichambue, ipime, ishughulikie, ifuatilie, na muda wote zungumza na wanaohusika.

Mwaka huohuo Australia iliunda mamlaka mpya ya usalama wa anga. Msidhani walifanya hivyo kwa sababu wao ni werevu kuliko sisi. Walikuwa wametoka kuzika watu. Mwezi Juni 1993 ndege ndogo ya abiria ilianguka karibu na mji wa Young na kuua watu 7. Mwezi Oktoba 1994 nyingine ikapotea baharini ikielekea kisiwa cha Lord Howe, na watu 9 ndani. Ndege ndogo, kampuni ndogo, safari za kawaida, kama zetu za Beni na Bunia. Tofauti ni kwamba uchunguzi wao haukuishia kwa rubani na kampuni. Ulipanda ngazi mpaka kwa ofisi iliyopaswa kuisimamia kampuni ile, na kuuliza: nyinyi mlijua nini, na mlifanya nini?

Mwaka 2009 shirika la kimataifa la viwango, ISO, lilichukua mawazo yale ya 4360 na kuyafanya kiwango cha dunia, namba 31000, kikaandikwa upya mwaka 2018. Ndani ya usafiri wa anga, OACI nayo ilikuwa imetoa kitabu chake cha kusimamia usalama mwaka 2006. Mwaka 2013 ikapitisha Kiambatisho cha 19, kilichokusanya pamoja wajibu wote wa kusimamia usalama: wa kampuni, wa kiwanja, na wa serikali yenyewe. Kikaanza kutumika Novemba 2013.

Sasa weka kalenda mbili pamoja. Birere iliungua mwaka 2008, kitabu cha OACI kikiwa na miaka miwili. Mapendo iliungua mwaka 2019, Kiambatisho cha 19 kikiwa na miaka sita. Kwa hiyo hatuwezi kusema dunia haikujua. Elimu ilikuwepo. Jedwali lilikuwepo.

Tulijaze basi, sisi wenyewe, tuone linasemaje.

Katika kitabu cha OACI uwezekano unapewa namba, 5 hadi 1. Namba 5 ni jambo linalotokea mara kwa mara, namba 1 ni jambo ambalo karibu haliwezekani. Madhara yanapewa herufi, A hadi E. A ni maafa, watu wanakufa na ndege inaharibika kabisa. E ni jambo dogo lisilo na uzito. Unaunganisha namba na herufi, unasoma rangi.

Andika: "Ndege kuanguka juu ya nyumba za kusini mwa kiwanja cha Goma." Madhara ni A, hakuna wa kubisha. Uwezekano? Hatusemi 5. Hatusemi hata 4, ingawa 2008 na 2019 ni mara mbili ndani ya miaka 12. Tujifanye wapole, tuandike 3, maana yake jambo lisilotazamiwa sana lakini limewahi kutokea mara chache. Tunapata 3A.

Wandugu, katika mfano wa jedwali wa OACI, 3A iko kwenye nyekundu. Nyekundu haina maana ya kuwa makini. Ina maana haikubaliki hivyo ilivyo: simamisha kazi, au punguza hatari kwanza, ndipo uendelee. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na kalamu na karatasi moja, anafikia jibu hilo kwa dakika tano.

Na Goma ina mambo yake yanayopaswa kuingia kwenye hesabu. Kiwanja chetu kiko karibu mita 1,550 juu ya usawa wa bahari. Huku juu hewa ni nyepesi: bawa linashika kidogo, injini inapumua kidogo, ndege inahitaji mwendo zaidi na pisti ndefu zaidi kabla ya kuinuka. Halafu tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilitapika, na lava ikafunika sehemu ya kaskazini ya pisti. Ndege inayohitaji pisti ndefu ikapewa pisti fupi. Kaskazini mawe na mlima, kusini mji. OACI inadai mwishoni mwa pisti paachwe eneo tupu la usalama, angalau mita 90, na kwa viwanja vikubwa inapendekeza 240, ili ndege ikipitiliza ikute udongo na si watu. Mama yangu wa makala hajui neno la kitaalamu la eneo hilo, lakini anajua kwamba kwetu eneo hilo lina mabati juu yake.

Kazi fulani zilifanyika, tusikatae. Lava ilipasuliwa na kuondolewa kwa hatua. Mwaka 2015 Benki ya Dunia iliidhinisha mradi wa dola milioni 52 kwa ajili ya usalama wa kiwanja cha Goma. Lakini pisti nzuri ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni mtu wa kusema "hii ndege leo hairuki" na neno lake likashika.

Hapa naomba tuangalie nani aliwahi kusema neno la namna hiyo likashika. Mwaka 2006 Umoja wa Ulaya ulitoa orodha yake ya kwanza ya kampuni zilizokatazwa kuruka kwenye anga lake, na kampuni za Kongo karibu zote zikawa ndani. Wengi wetu tuliona aibu, wengine walikasirika. Mimi nilipokuja kuisoma historia ile niliona jambo lingine. Ulaya ilijaza jedwali, ikapata nyekundu, ikafunga mlango wake. Lakini orodha ile inalinda anga la Brussels. Hailindi anga la Mapendo. Hatari iliyokataliwa kule iliendelea kupita juu ya paa zetu kila asubuhi. Kiwango kilikuwa kimoja. Aliyekuwa na mamlaka ya kukitumia kwa ajili yake alikitumia, na sisi tulibaki kuangalia juu.

Najua majibu ninayopewaga nikisema haya, na yana haki ya kusikilizwa.

La kwanza: ni mapenzi ya Mungu. Siwezi kubishana na mtu aliyefiwa. Kwenye matanga tunasema kazi ya Mungu haina makosa, na neno hilo limewashikilia wengi wasianguke. Lakini Mungu hakutia sahihi karatasi ya uzito wa mizigo. Kuna mtu alitia. Imani inatusaidia baada ya msiba. Jedwali kazi yake ni kabla.

La pili: watu ndio walioufuata uwanja, nani aliwaambia wajenge pale? Ni kweli mji umekua mpaka ukutani. Lakini watu hawakuja Goma kwa starehe, vita vya vijijini vimewasukuma mwaka hadi mwaka. Na kila kiwanja cha nyumba kina mtu aliyekipima na mtu aliyekiuza. Kiwango hakisemi nyumba hazihesabiki kwa sababu zimejengwa vibaya. Kinasema: nyumba zipo, ziingize kwenye hesabu, kisha andika nani atafanya nini.

La tatu, na ndilo gumu zaidi: ukifunga ndege, watu wa Beni watapita wapi? Barabara ya Rutshuru na Kanyabayonga tunaijua sote. Mwaka 2019 kule Beni kulikuwa na mauaji na Ebola kwa wakati mmoja. Abiria aliyepanda ile Dornier hakuwa mjinga, alilinganisha hatari mbili akachagua ndogo. Nami ningechagua kama yeye. Lakini abiria alichagua, kampuni ilichagua, ofisi iliyotoa ruhusa ilichagua. Mtoto aliyekuwa amelala ndani ya nyumba ya mbao Mapendo hakuchagua kitu. Aliyebeba hatari kubwa ndiye ambaye hakuulizwa.

Njo maana narudi kwenye ile safu ya mwisho. Sisi tumezoea kutafuta mwenye kosa. Ndege ikianguka tunauliza rubani alikuwa nani, kampuni ya nani, nani alikula pesa. Maswali hayo yana mahali pake, ni ya mahakama. Kiambatisho cha 13 cha OACI, kile cha uchunguzi wa ajali, kinasema wazi kwamba lengo la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, si kugawa lawama. Mwenye kosa unamtafuta baada. Mwenye hatari unamwandika kabla, akiwa hai, akiwa ofisini, na jina lake linajulikana. Nchi inayotafuta wenye makosa bila kuandika wenye hatari itazika, itapiga kelele wiki mbili, kisha itazika tena.

Majina ya ofisi tunayo. Sheria ya usafiri wa anga ya tarehe 31 Desemba 2010 iliipa nchi yetu msingi wa kuwa na mamlaka ya anga, AAC, inayosimamia kampuni. RVA inaendesha viwanja. Mji una ofisi za ardhi. Kila moja inaweza kukuambia hatari ya Mapendo ni ya nyingine. AAC itasema nyumba si zake. Ofisi ya ardhi itasema ndege si zake. Ni ileile "wote" tuliyoiandika kwenye mafunzo, na faida kubwa ya kiwango cha pamoja ni kwamba kinakataza jibu hilo. Kinawalazimisha watu wa ofisi tatu kukaa mbele ya karatasi moja, wenye lugha moja na kipimo kimoja, na hawaruhusiwi kuondoka safu ya mwisho ikiwa tupu.

Kuna mlango mwingine uliofunguka. Mwaka 2022 Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ile ina wakala wake wa usalama wa anga, CASSOA, ulioundwa mwaka 2007, makao yake Entebbe. Kazi yake ni kufanya kanuni za nchi wanachama zifanane na kuzisaidia nchi kutumia wakaguzi kwa kushirikiana. Kwetu hilo lina maana ya kawaida kabisa: kipimo kinachotumika Entebbe kitumike Goma, na mkaguzi asiye na shemeji kwenye kampuni aweze kuja kuangalia. Kuingia jumuiya hakuleti hayo kwa kujipendekeza kwenye picha za mikutano. Yataletwa na watu wanaosoma kanuni na kuzidai.

Tangu mwisho wa Januari 2025, vita vilipoingia mjini, kiwanja chetu kikafungwa. Mara ya kwanza maishani mwangu nikasikia Mapendo bila ngurumo ya ndege. Watoto waliokuwa wanakimbia nje kuzihesabu wakapata michezo mingine. Sisemi ni vizuri: mji bila ndege unakosa dawa na biashara, na wagonjwa wanakosa njia. Nataka ndege zirudi. Lakini pisti iliyonyamaza inatupa kitu ambacho hatukukipata 2008 wala 2019, nacho ni muda wa kuuliza kabla.

Kwa hiyo, wasomi wenzangu, siku tutakapoitwa kwenye sherehe ya kufungua, na hotuba, na ngoma, tuwe na maswali manne tayari. Hatari kwa nyumba za kusini imepimwa, na imepata rangi gani? Mwisho wa pisti pana mita ngapi tupu? Nani ana mamlaka ya kuizuia ndege isiruke hata kama mwenye ndege ni mkubwa? Na jina lililoandikwa kwenye safu ya mwisho ni la nani? Wanasheria, wahandisi, watu wa usimamizi, wote tumo humu. Maswali haya hayahitaji bunduki wala bajeti. Yanahitaji barua moja yenye sahihi nyingi.

Mama wa makala bado anauza palepale. Juzi aliniuliza kama nimepata jibu lake. Nikamwambia: "Mama, yule mwenyewe hajaandikwa bado."

Akanifungia makala yangu, akanirudishia franka zangu, akasema: "Basi mumuandike mbele irudi."